Mbona PHP inanipa siku isiyo sahihi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu siku za wiki

Maswali haya yanaulizwa kila leo na watu wanaotengeneza mifumo kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti. Unaweka Jumamosi inatoka Ijumaa, kikao cha kwanza cha mwezi kinaruka wiki nzima, ripoti ya wiki inapotea ikifika Desemba. Niseme mapema kabisa, hesabu ya siku ndani ya PHP yenyewe iko sawa, ukiipa tarehe sahihi itakupa siku sahihi, kinachoharibika karibu kila mara ni ile tarehe kabla haijafika kwenye hesabu. Ndiyo maana majibu mengi hapa yatakurudisha nyuma hatua moja ucheki umeipa nini.

Nianzie wapi kutafuta tatizo?

Usichapishe jina la siku peke yake, chapisha kila kitu (`$d` hapa na kote chini ni tarehe yako):

`echo $d->format('D Y-m-d H:i:s e');`

Ukiona "Fri" tu hujajua lolote, lakini ukiona `Fri 2025-10-31 21:00:00 UTC` mambo yanajieleza yenyewe, maana saa 21:00 ya UTC, ile saa ya kimataifa ambayo nchi zote hupimia saa zao, ndiyo saa sita kamili usiku Dar na Nairobi, yaani ile ilikuwa Jumamosi tarehe 1 Novemba na mahali fulani imepunguzwa masaa matatu. Fanya hivi kila hatua tarehe inapopita: ilipotoka kwenye fomu, ilipotoka kwenye databesi, kabla ya kuonyeshwa. Hatua ambayo inageuka ndiyo yenye bagi, yaani kosa la programu, hapo unaacha kubahatisha.

Kila tarehe ninayoweka inatoka Alhamisi, 1 Januari 1970. Kwa nini?

Kwa sababu `strtotime()`, ile inayogeuza maandishi kuwa tarehe, imeshindwa kusoma ulichoipa ikarudisha `false`, wewe ukaipeleka moja kwa moja kwenye `date()`, na `false` ikigeuzwa namba ni sifuri, na sifuri kwa kompyuta ni mwanzo wa 1970 ambayo kweli ilikuwa Alhamisi. Kwa hiyo ukiona 1970 popote kwenye mfumo wako usihangaike na hesabu, tafuta maandishi yaliyoshindwa kusomeka. Cheki kwa alama tatu za sawasawa, `if ($t === false)`, kabla ya kuendelea.

Siku zinakosewa kwa tarehe 1 mpaka 12, kuanzia 13 ndiyo inakataa kabisa.

Hii ni ya mkwaju. PHP ikiona tarehe yenye `/` inaisoma Kimarekani, mwezi kwanza halafu siku. Mteja wako kaandika 05/06/2025 akimaanisha 5 Juni ambayo ni Alhamisi, PHP inasoma 6 Mei ambayo ni Jumanne, na hakuna kosa lolote linalotokea kwenye skrini, inapita kimya kimya hadi mtu alalamike. Akiandika 25/12/2025 ndiyo inashtuka kwamba hakuna mwezi wa 25, unapata `false` na ile 1970 yako.

Ukitumia kistari, 05-06-2025, inasoma siku kwanza kama tulivyozoea, nukta nayo hivyo hivyo. Lakini usitegemee mteja akumbuke kuandika kistari, mwambie PHP wazi wazi unachotegemea:

`$d = DateTimeImmutable::createFromFormat('!d/m/Y', $tarehe);`

Ile alama ya mshangao mwanzoni usiiache. Bila hiyo PHP inajazia saa ya sasa hivi, halafu baadaye ukilinganisha tarehe mbili za siku moja unaambiwa hazilingani, au ukihesabu siku katikati yake inapungua moja. Na jambo lingine, `createFromFormat` haikatai 31/02/2025, inakusogeza hadi 3 Machi bila kukuuliza, kwa hiyo tumia `checkdate($mwezi, $siku, $mwaka)` kwanza. Angalia mpangilio wake, mwezi unatangulia. `mktime()` nayo hivyo hivyo, ukiandika `mktime(0,0,0,25,12,2025)` kutafuta Krismasi utapewa Jumanne ya 12 Januari 2027, kwa sababu imehesabu miezi 25.

Nimetengeneza orodha ya siku kwa Kiswahili lakini zote zimesogea moja.

Orodha yako na namba ya PHP haziko pamoja. `date('w')` inatoa 0 kwa Jumapili hadi 6 kwa Jumamosi. `date('N')` inatoa 1 kwa Jumatatu hadi 7 kwa Jumapili. Wengi wanaanza orodha na Jumatatu halafu wanatumia `w`, au wanaanza na Jumamosi kwa kuwa ndivyo siku zetu zinavyohesabiwa. Andika hivi uwe salama:

`$siku = ['Jumapili','Jumatatu','Jumanne','Jumatano','Alhamisi','Ijumaa','Jumamosi'];`
`echo $siku[$d->format('w')];`

Kama namba ya siku inatoka kwenye databesi ya MySQL, hapo mchanganyiko ni mkubwa zaidi. `DAYOFWEEK()` inaanza na 1 kwa Jumapili, `WEEKDAY()` inaanza na 0 kwa Jumatatu, na `getDay()` ya JavaScript ni 0 kwa Jumapili. Mfumo mmoja unaweza kuwa na namba za aina tatu na kila aliyeandika alikuwa sahihi kwa upande wake. Mimi nashauri usihifadhi namba ya siku kwenye databesi kabisa, hifadhi tarehe, siku itahesabiwa ikihitajika.

Nimetumia setlocale na Kiswahili lakini inaendelea kuandika Monday.

`date()` haijali `setlocale`, ile amri ya kuchagua lugha, inatoa Kiingereza siku zote. Iliyokuwa inajali ni `strftime()`, nayo ilitegemea seva iwe na lugha hiyo, hostingi nyingi za kushea hazina, na tangu PHP 8.1 imewekwa kwenye zile zinazoondolewa. Tumia `IntlDateFormatter` ukiipa `sw_TZ` au `sw_KE` na mpangilio wa `EEEE d MMMM y`. Mwaka uandike `y` ndogo. `Y` kubwa kule ni mwaka wa wiki na itakuletea tatizo la Desemba ninaloeleza chini. Kama seva haina kiongezo cha intl, ile orodha ya juu inatosha kabisa.

Mchana kila kitu sawa, usiku mfumo unasema bado ni jana.

Seva yako iko kwenye UTC. PHP isipopangiwa saa za eneo inatumia UTC, na Afrika Mashariki tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku seva inaamini ni jana. Jumatatu saa saba usiku mtu analipia kitu, mfumo unaandika Jumapili. Bagi hii inaishi muda mrefu kwa sababu wanaojaribu mfumo wanajaribu mchana, na anayeumia ni mlinzi, nesi wa zamu ya usiku, dereva wa bodaboda anayefunga hesabu zake usiku wa manane.

Weka mwanzoni mwa skripti:

`date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam');`

Au `Africa/Nairobi`, au `Africa/Kampala`, saa ni ile ile. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wao wako mbele ya UTC masaa mawili tu, Kinshasa lisaa limoja, na wenzetu wa Muscat masaa manne, kwa hiyo ukiwa na wateja wa Goma na wa Kinshasa ndani ya nchi moja ya Kongo usiweke saa moja ya nchi nzima, hifadhi eneo la kila mteja.

Halafu kuna sehemu mbili watu wanasahau. Kazi za kroni, zile zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba, zinatumia PHP ya mstari wa amri (CLI) ambayo mara nyingi ina faili lake la mipangilio, `php.ini`, tofauti na lile la wavuti, ndiyo maana ukurasa unaonyesha sawa ila ripoti ya usiku inatoka na siku ya jana. Na MySQL ina saa yake, `NOW()` na `CURDATE()` hazisikilizi PHP imesema nini, unaiambia mwenyewe kwa `SET time_zone = '+03:00'` ukishaunganisha.

Mtumiaji anachagua tarehe 1 kwenye kalenda, PHP inapokea tarehe 31 ya mwezi uliopita.

Hapa PHP haina hatia, imepewa tarehe mbovu na brauza. Kwenye JavaScript kuna mtu kaandika `toISOString().slice(0,10)`, na `toISOString` inageuza kwenda UTC kwanza. Kalenda inatengeneza 1 Novemba saa sita usiku ya Nairobi, ikigeuzwa inakuwa 31 Oktoba saa 21:00, unakata herufi kumi za mwanzo unabaki na 31 Oktoba. Jumamosi imekuwa Ijumaa.

Hii inatupata sisi zaidi kuliko wanaoishi Marekani, maana wao wako nyuma ya UTC na kwao saa sita usiku ikigeuzwa inabaki siku ile ile. Mifano mingi ya mtandaoni imeandikwa na kujaribiwa kule, kwao inafanya kazi, unakopi unapesti kwako inaharibika na unabaki kujilaumu bure. Wao wanaumia kinyume chake, `new Date('2025-11-01')` inasomwa kama UTC na kwao inaonyesha 31 Oktoba, kwetu inaonyesha sawa.

Dawa ni kutokugeuza. Chukua `getFullYear()`, `getMonth() + 1` na `getDate()` uunganishe mwenyewe, ukikumbuka miezi ya JavaScript inaanza na 0. Kama unatumia `<input type="date">` ya kawaida soma `value` yake kama ilivyo, tayari ni `2025-11-01`, usiipitishe kwenye `Date` hata kidogo.

Mteja kasema "Jumapili usiku saa nane", nimeandika Jumapili 02:00, amefika siku siyo.

Hiyo `Jumapili 02:00` imeshapita, ni alfajiri ya Jumapili, wakati yeye alimaanisha usiku unaofuata baada ya mchana wa Jumapili, ambao kwenye kalenda ya kompyuta ni Jumatatu saa 02:00. Kwetu usiku unaendelea na jina la siku mpaka kunapambazuka, kompyuta inabadili siku saa sita usiku. Kwa mabasi, mikesha na zamu za hospitali hili ni jambo zito, mtu anakosa safari. Kwenye fomu usimwache achague siku na saa tu bila kumrudishia kwa maneno. Akichagua, muonyeshe "usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu, saa 8 usiku" ndiyo abonyeze kuthibitisha. Na kugeuza saa za Kiswahili kwenda za kompyuta, za mchana ongeza 6, za usiku ongeza 18, ikifika 24 au kuivuka toa 24 na usogeze tarehe mbele siku moja, hiyo siku moja ndiyo wengi wanaiacha.

"next monday" inaruka Jumatatu ya leo.

Ndivyo ilivyoundwa. Leo ikiwa Jumatatu, `next monday` ni ya wiki ijayo, na `monday` peke yake ni leo. Ukitaka Jumatatu ya wiki hii tuliyomo tumia `monday this week`. PHP za kabla ya 7.0.8 zilikuwa zinaichanganya hii siku ya Jumapili, zinakupa Jumatatu ya kesho badala ya ile iliyopita. Ukitaka kuona toleo gani linajibu nini, 3v4l.org inaendesha skripti yako kwenye matoleo mengi kwa mpigo.

Chama chetu kinakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, miezi mingine mfumo unasema ya pili.

Umesahau `of`. Kaneno kadogo lakini kanabadili hesabu yote. `first saturday of november 2025` ni 1 Novemba, sahihi. `first saturday november 2025` bila `of` inasimama tarehe 1 halafu inatafuta Jumamosi inayofuata, na kwa kuwa tarehe 1 yenyewe ni Jumamosi haihesabu, inakupa tarehe 8. Miezi isiyoanza na Jumamosi majibu yanalingana, ndiyo maana bagi inajificha.

Jumamosi ya mwisho ni mbaya zaidi. Tuseme unapanga Umuganda wa Rwanda, ile siku ya kazi za pamoja za jamii, ambao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi: `last saturday of november 2025` ni tarehe 29, ukiondoa `of` unarudishwa hadi 25 Oktoba.

Nikiongeza "+1 month" kwenye tarehe 31 naruka mwezi.

31 Januari 2025 ukiongeza mwezi PHP inatafuta 31 Februari, haipo, inamwaga siku zilizozidi inafika 3 Machi. Februari imerukwa na mkopeshwaji wako hana rejesho la mwezi huo. Kama unataka mwisho wa mwezi andika `last day of next month`. Kama unataka tarehe ile ile au ya mwisho iliyopo, hesabu kila rejesho kutoka tarehe ya mwanzo ya mkopo, usihesabu kutoka rejesho lililopita, la sivyo mkopo wa tarehe 31 ukishapita Februari unabaki kwenye 28 moja kwa moja.

Kalenda yangu inaonyesha Jumapili mara mbili mwezi wa kumi.

Unaongeza 86400, sivyo? Siku siyo masekunde 86400 kila mahali. Kwetu Afrika Mashariki saa hazirudishwi nyuma wala kusogezwa mbele, kwa hiyo hutaliona hapa, utaliona siku mfumo ukitumiwa na mtu wa London au ukihamishiwa seva iliyopangiwa saa za huko. Jumapili ya 26 Oktoba 2025 London ilikuwa na masaa 25. Saa 00:00 ukiongeza 86400 unafika saa 23:00 ya Jumapili ile ile, na lupu inaandika Jumapili tena, kisha wiki yote inayofuata imechelewa siku moja. Tumia `modify('+1 day')` au `DatePeriod`.

Na ukitumia `modify` tumia `DateTimeImmutable`, kisha pokea jibu lake: `$d = $d->modify('+1 day')`. Ile `DateTime` ya kawaida inabadilika yenyewe, ukiiweka kwenye orodha mara saba ndani ya lupu unapata orodha ya siku saba zote zinazosema siku ya mwisho.

Ripoti ya wiki ya 1 imeingia mwaka uliopita.

Umeandika `Y-W`, yaani mwaka wa kalenda na namba ya wiki. Wiki za ISO, yaani za kanuni ya kimataifa ambayo `W` inaifuata, zinaanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka, kwa hiyo Jumatatu 29 Desemba 2025 tayari iko wiki ya 1 ya 2026. `Y-W` inaandika 2025-01 na mauzo yako ya mwisho wa mwaka yanarundikwa pamoja na ya Januari iliyopita. Andika `o-W`, herufi `o` ndogo ambayo ni mwaka wa wiki yenyewe, utapata 2026-01. Upande wa pili nao upo, Ijumaa 1 Januari 2027 ni wiki ya 53 ya 2026.

"+5 weekdays" inatosha kuhesabu siku za kazi?

Inatosha kuruka Jumamosi na Jumapili, basi. Haijui sikukuu, na haijui kwamba Oman wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo duka lako la Muscat litaahidi mizigo siku ambayo hakuna mtu kazini. Kenya sikukuu ikiangukia Jumapili mapumziko yanasogea Jumatatu, Madaraka ya 1 Juni 2025 iliangukia Jumapili na Jumatatu ya tarehe 2 ikawa mapumziko. Sabasaba na Nane Nane za Tanzania tarehe hazibadiliki, Pasaka unaipata kwa `easter_days($mwaka)` ukiongeza kwenye 21 Machi, lakini Idd inasubiri mwezi uandame, hakuna fomula ya kuaminika hapo. Weka jedwali la sikukuu ambalo mtu wa ofisi anaweza kulihariri mwenyewe jioni ile ile tangazo likitoka, asilazimike kukupigia simu wewe.

Tarehe za historia zinatoka siku tofauti na vitabu.

PHP inarudisha kalenda ya Gregori nyuma mpaka karne ambazo haikuwepo, wakati kalenda hiyo ilianza Oktoba 1582. Vasco da Gama alikuwa Malindi Pasaka ya 15 Aprili 1498, Jumapili bila shaka, lakini ukiuliza PHP `1498-04-15` inajibu Ijumaa. Tumia `jddayofweek(juliantojd(4, 15, 1498))`, inarudisha 0, yaani Jumapili.

Nitajuaje nimerekebisha kweli?

Usijaribu na tarehe ya leo. Jaribu na 31 Januari, 29 Februari 2028 ambayo ni Jumanne, 1 Novemba 2025 inayoanza na Jumamosi, 29 Desemba 2025, na 26 Oktoba 2025 ukiwa umepanga `Europe/London`. Kisha badilisha saa ya kompyuta yako iwe saa nane usiku, fungua ukurasa, uone unaandika siku gani.